Mzee amepooza upande mmoja: tumshike wapi anapotembea?

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 71. Alipata kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kushoto wote ukapooza. Alilazwa wiki tatu, sasa yuko nyumbani huku Vihiga, na boma letu liko kwenye mteremko. Asubuhi mimi na kaka yangu humwinua, kila mmoja kwapa lake, tukamtembeza hadi chini ya mparachichi. Wiki mbili zilizopita aliamka peke yake usiku kwenda chooni akaanguka. Tangu hapo bega la kushoto linamuuma hata kulala ni shida. Kaka anasema tumwache kitandani kwanza mpaka nguvu zirudi. Mama anasema atembee na fimbo, lakini aishike kwa mkono ule uliopooza ili uzoee kazi. Mimi sijui nimsikilize nani. Tumtembezeje bila kumuumiza?

Jibu: Dada, poleni kwa uuguzi. Mzee akianguka usiku nyumba nzima haipati usingizi tena, na kila mtu anaanza kujilaumu kimoyomoyo. Msilaumiane. Mliyokuwa mkifanya ndiyo hufanywa karibu kila boma ninaloingia, kuanzia Kisumu hapa nilipo hadi huko kwenu milimani, kwa sababu mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani mara nyingi familia huelezwa dawa vizuri lakini haionyeshwi mahali pa kuweka mikono.

Nitaanza na bega, maana ndilo linalonionyesha mnavyomshika.

Leo jioni mkalishe baba kwenye kiti kigumu, mvue shati, mwache mkono wa kushoto uning'inie. Weka kidole chako juu kabisa ya bega, pale mfupa unapoishia, kisha ukishushe taratibu upande wa nje. Kwa wengi waliopooza kidole hutumbukia kwenye kishimo kinachotosha ncha yake. Papasa bega la kulia vilevile: hakuna kishimo, nyama imejaa. Kishimo hicho kinatokana na hivi: mfupa wa mkono umekaa kwenye kibakuli kisicho na kina, kama yai juu ya kijiko, na kinachouzuia usiteleze ni misuli inayouzunguka. Misuli ikipooza, uzito wa mkono wenyewe unauvuta chini. Sasa fikiria watu wawili wenye nguvu wanaingiza mikono kwapani na kumnyanyua mwili mzima. Upande wa kulia misuli inapokea ule mzigo. Upande wa kushoto hakuna kinachopokea, na mishipa na nyama za ndani ya bega zinabanwa na kukwaruzwa kila asubuhi.

Nilimtibu mama mmoja wa Nyalenda, muuza samaki, ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kupata nguvu vizuri. Wanawe walikuwa wanne, wakakamavu, wanampenda mno, na kila siku walimnyanyua kwa kwapa. Alipofika kwangu alikuwa amekataa kusimama kabisa. Nilidhani goti limeshindwa, kumbe ni bega. Akiona tu mtu anamsogelea upande ule anafumba macho. Tulikaa karibu miezi miwili tukitibu maumivu ya bega kabla ya kugusa habari za kutembea. Miezi miwili hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, kwa sababu mguu ulikuwa tayari ukingoja.

Kwa hiyo kuanzia leo mtu yeyote asimshike baba kwapani, na asiuvute ule mkono, si wakati wa kumwinua, si wakati wa kumvisha shati, si wakati wa kumgeuza kitandani. Anapokaa, mkono uwekwe juu ya mto mapajani au juu ya meza, usiachwe uning'inie. Na kwa kuwa maumivu yalianza baada ya kuanguka, bega hilo lipigwe picha kwanza. Huenda kuna mfupa uliopata ufa, na huo hauonekani kwa kupapasa.

Basi mshikeni wapi? Kiunoni. Chukua leso, ikunje kwa urefu mpaka upana wake utoshe kiganja, mfunge kiunoni juu ya nguo, fundo liwe mbele upande wa kulia. Iwe imekaza kiasi kwamba vidole vyako vinapita lakini haipandi mbavuni ukiivuta. Mshipi mpana wa ngozi unafaa pia. Usishike ukingo wa suruali, unamkata katikati ya miguu, tena unateleza. Mkono wako uingie kwenye leso kutoka chini kwenda juu, kiganja kikitazama juu, nyuma ya kiuno chake. Ukishika kutoka juu, siku atakapoyumba vidole vitafunguka. Mkono wako wa pili uweke mbele ya bega lake la kushoto, wazi, bila kubana, uwe tayari tu kumzuia asiiname.

Simama kushoto kwake, nyuma nusu hatua. Kushoto, kwa sababu huko ndiko goti litakapokunjika na huko ndiko mwili utakapoelekea. Wengi hukimbilia kusimama upande wenye nguvu kwa sababu ndio wenye mkono wa kukushika, lakini akianguka anaangukia upande ambao hamna mtu.

Na kaka je? Kaka atoke upande wa kulia. Najua anajiona anasaidia, lakini mtu akisimama pale, baba anamwegemea yeye, uzito wote unahamia mguu wa kulia, na mguu wa kushoto unageuka abiria. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndicho kiini cha jibu langu lote: mguu uliopooza haujifunzi kubeba mwili bila kubebeshwa mwili. Kazi yenu ni kumfanya aukanyage ule mguu akiwa salama. Mkimning'iniza katikati yenu vidole vikigusa tu ardhi, hapo yeye anabebwa, hatembei. Kaka abebe kiti, amfuate baba nyuma, hatua mbili hivi. Kiti kikiwa karibu baba anatembea bila woga, na wewe unaweza kumwambia akae pale pale anapochoka.

Hilo linanileta kwenye wazo la kaka, la kumwacha kitandani mpaka nguvu zirudi. Hapana. Kitandani nguvu hazirudi, zinaisha. Misuli ya upande mzima inayeyuka, damu inaganda kwenye mishipa ya mguu, ngozi ya makalio na visigino inaoza vidonda, kifua kinajaa. Lakini naelewa hofu yake, na kuna jambo la kweli ndani yake: huenda baba alianza kutembezwa kabla ya kujua kusimama. Basi turudi nyuma kidogo.

Kwanza kiti. Sebule zetu zina makochi mapana ya kuzama, yenye vitambaa vinavyoteleza. Mtu mzima anajitahidi kutoka mle, sembuse aliyepooza. Mpeni baba kiti cha mbao kigumu chenye mikono, kimo ambacho akikaa magoti hayapandi juu ya nyonga. Kochi libaki la wageni.

Kisha kusimama kwenyewe. Asogee mpaka ukingo wa kiti, kalio moja baada ya jingine. Nyayo zote mbili chini, zirudi nyuma kiasi kwamba vidole viko chini ya magoti, na mguu wa kushoto urudi nyuma kidogo kuliko wa kulia. Watu hufanya kinyume, wanaunyoosha mguu mbovu mbele ili usisumbue, na mguu ukiwa mbele haufanyi kazi yoyote. Wewe kaa mbele upande wa kushoto, weka goti lako lizuie goti lake lisikunjike. Sasa mwambie ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu, kama anayetaka kuokota kitu sakafuni. Wagonjwa wanaogopa kuinama na wanajirusha nyuma. Ukiona anajirusha nyuma, msirushane naye, mkalishe muanze upya. Hesabu naye kwa sauti mpaka tatu, kwa lugha aliyokulia. Kwenye tatu yeye anasukuma kwa miguu, wewe unaielekeza leso mbele na juu. Ukiona mgongo wako ndio unaouma, ujue unambeba.

Akishasimama, asianze kutembea. Dawa za presha na kulala muda mrefu hufanya damu ichelewe kupanda kichwani. Akitoka kitandani akae ukingoni dakika moja au mbili miguu ikiwa chini, na akisimama asimame mpaka uhesabu ishirini. Muulize kama kunamzunguka. Macho yakimlegea au akitoka jasho baridi, mkalishe.

Zoezi ninalotaka lifanyike kabla ya safari yoyote ya kwenye mparachichi ni hili. Asimame mbele ya meza nzito, kiganja cha kulia juu ya meza, kiti nyuma yake, wewe kushoto na leso mkononi. Ahamishe kiuno polepole kuelekea kwako, kama anayetaka kukugusa kwa nyonga. Utaona goti la kushoto linatetemeka. Mtetemo huo usikuogopeshe, ni misuli inayoanza kuitwa kazini. Abaki hapo hesabu ya tano, arudi katikati, arudie. Likizoeleka, ainue kisigino cha kulia, kisha siku nyingine auinue mguu wa kulia wote na kuupeleka mbele hatua fupi, aurudishe. Akiweza kuinua mguu wa kulia bila goti la kushoto kukunjika, yuko tayari kutembea. Kama goti linakunjika kila mara, au linasukumwa nyuma kwa kishindo mpaka mguu unapinda kama upinde, msiendelee kwa kubahatisha. Mleteni, kuna namna ya kulifundisha, na kulipiga hivyo kila siku kunaliharibu.

Kusimama na kukaa mara tano, asubuhi, mchana na jioni, kutamjenga kuliko safari moja ndefu ya kumkokota.

Sasa fimbo. Nina heshima kwa mama, na nia yake naielewa, lakini fimbo ishikwe mkono wa kulia, mkono mzima. Mkono uliopooza hauwezi kuiokoa fimbo inapoteleza. Na hata ungekuwa na nguvu kidogo, sababu kubwa ni mizani. Baba anapokanyaga mguu wa kushoto, mwili unataka kuanguka kati ya mguu huo na hewa tupu ya upande wa kulia. Fimbo ikiwa kulia, inajaza ile hewa, na nyonga ya kushoto inapunguziwa mzigo. Mkono mgonjwa una mazoezi yake mengine mezani, akiwa amekaa.

Mpangilio ni fimbo kwanza, mguu wa kushoto wa pili, mguu wa kulia wa mwisho. "Fimbo, kushoto, kulia." Mwimbie hivyo mpaka aanze kusema mwenyewe. Fimbo isiende mbali sana mbele, hatua moja fupi inatosha, na hatua ya mguu wa kulia isiwe ndefu kuliko ya kushoto.

Urefu wa fimbo upimwe akiwa amevaa viatu, amesimama wima, mkono wa kulia umeshuka: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kiwe kimekunjika kidogo tu. Wazee wengi wanakuja na bakora ya heshima, ile ya barazani, inayowafika karibu na mbavu. Hiyo inainua bega na kumpindisha. Ikateni, au atafutiwe nyingine na ile ibaki ya barazani. Chini iwe na mpira. Kama mpira wa dukani hamjaupata, fundi wa akala atakata kipande cha tairi na kukifunga vizuri. Hakikisha tu msumari hautokezi. Mpira ukilika ukawa laini, badilisha.

Mtaambiwa mnunue fimbo ya miguu minne. Ni nzuri kwenye sakafu iliyonyooka, lakini kwenye mteremko wenu miguu miwili itakuwa hewani na itamtikisa. Ile fremu ya kutembelea inayoshikwa kwa mikono miwili, msiinunue kabisa, hana mkono wa pili wa kuishikia.

Viatu. Sijui baba alikuwa amevaa nini usiku ule, lakini nikibahatisha nitasema malapa, au miguu mitupu. Mguu uliopooza hauinui vidole. Ncha ya kiatu inakwaruza chini, na ili isikwaruze mgonjwa anauzungusha mguu kwa nje kama panga linalofyeka nyasi. Lapa linajikunja hapo hapo. Avae kiatu kilichofungwa nyuma, chenye kamba au ukanda, soli isiyo nene mno, na apewe hata kama anakwenda hatua kumi tu. Ikiwa ncha bado inakwama baada ya wiki kadhaa za mazoezi, kuna kifaa cha plastiki kinachopita nyuma ya shavu la mguu na chini ya unyayo, kinaushikilia mguu usining'inie. Ulizeni kwenye karakana ya viungo bandia ya hospitali ya rufaa. Kipimwe kwa mguu wake, msiazime cha jirani. Akikivua, tazama ngozi: wekundu usiopotea baada ya nusu saa unaonyesha kinabana, na kwa kuwa upande ule hausikii vizuri, yeye hatakuambia.

Kuna jambo hukuliuliza lakini swali lako limelitaja bila wewe kujua. Baba amepooza kushoto, yaani aliyeumia ni ubongo wa kulia. Wagonjwa hawa mara nyingi wanaongea vizuri kabisa, wanakumbuka madeni na majina ya wajukuu, na familia inadhani akili haikuguswa. Lakini ubongo huo ndio unaotunza habari za upande wa kushoto wa dunia. Tazama sahani yake. Je, anamaliza ugali wa upande wa kulia na kuacha mboga za kushoto, kisha analalamika hajashiba? Je, bega la kushoto linagonga mwimo wa mlango? Je, ukimsemesha kutoka kushoto anageukia kulia kukutafuta? Kama ndivyo, upande ule kwake ni kama haupo. Ndiyo maana anaamka usiku peke yake: ukimuuliza anakwambia yuko sawa, na anaamini anachosema. Hakudharau maagizo yenu. Kumgombeza hakusaidii. Kinachosaidia ni kusimama kushoto kila mnapozungumza naye akiwa amekaa, kumgusa mkono ule kabla ya kumwinua, kumwambia "tafuta mguu wako wa kushoto" na kungoja mpaka autazame kwa macho yake. Na kumbe mtu wa namna hii haachwi atembee peke yake hata kama mguu umepata nguvu, mpaka macho na akili yake viuzoee upande ule.

Na wageni. Huku kwetu mzee akiugua boma halikauki watu, na mgeni hupeana mkono. Nimeona mzee akitembea vizuri kabisa, jirani akaingia langoni na kunyoosha mkono, mzee naye kwa adabu akaiachia fimbo ili amsalimie. Alikuwa chini kabla salamu haijaisha. Kutembea, ambako zamani kulijiendesha kwenyewe, sasa kunachukua akili yake yote. Ukimsemesha anapotembea, ama atasimama ama atayumba. Waambie wageni wangoje aketi, ndipo wamsalimie. Na nyinyi pia, mkimtembeza, maneno yawe yale matatu ya fimbo tu.

Kuhusu mteremko, sitakudanganya: huko kwenu kuna njia za kwenda chooni ambazo hata mimi mzima nazishuka kwa kushika miti. Mwanzoni msitembee nje isipokuwa mahali palipo tambarare, na mtembee asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri kugeuza udongo kuwa utelezi. Kaka, kwa nguvu alizo nazo, achukue jembe akate ngazi pana kwenye njia ya chooni, kila moja itoshe miguu miwili na fimbo, aziimarishe kwa mawe au magogo. Anapopanda, mguu wa kulia utangulie, kisha fimbo na wa kushoto. Anaposhuka, fimbo na mguu wa kushoto vitangulie, wa kulia ufuate. Ukikumbuka kwamba mguu mzima ndio unaoinua mwili na kuushusha, hutakosea. Wewe msaidizi uwe upande wa chini daima: akipanda uko nyuma yake, akishuka uko mbele yake kidogo, bado upande wa kushoto, leso mkononi.

Vishikio vya miti ya mkaratusi ni rahisi kujenga, na vinasaidia sana. Lakini kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara: wanajenga upande mmoja tu. Akienda chooni kishikio kiko kulia, anakishika vizuri. Akirudi, kishikio hicho hicho kiko kushoto, upande wa mkono usioshika. Jengeni pande zote mbili, njia iwe na nafasi ya watu wawili. Ndani ya choo kiwepo kimoja cha wima upande wa kulia anapokaa. Kuchuchumaa kwenye shimo hataweza kwa sasa. Fundi wa mbao atengeneze kiti kizito chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu msikitumie, miguu yake hufunguka na kupasuka mtu akikaa upande mmoja, na yeye atakaa upande mmoja.

Usiku asiende nje kabisa. Chombo cha haja ndogo kiwe upande wake wa kulia wa kitanda, mahali mkono wa kulia unafika na macho yanaona, na ndoo yenye kiti hatua moja kutoka hapo. Taa ndogo ya sola ibaki inawaka. Kaka alale chumba kile, na kama kuna haya kati ya binti na baba, mambo ya choo ayashughulikie yeye. Mwamsheni kwa wakati mnaouchagua nyinyi, kabla mkojo haujamwamsha. Kama anapewa dawa ya presha ile inayoongeza mkojo na anaimeza jioni, mwulizeni daktari aliyeiandika kama inaweza kuhamia asubuhi, msiihamishe wenyewe. Ondoeni mikeka na vipande vya zulia sakafuni, na siku sakafu inaposiribwa au kupigwa maji, abaki kitini mpaka ikauke.

Siku moja atataka kuanguka mikononi mwako. Usishindane na uzito wake kwa kumvuta juu. Vuta leso ubane nyonga yake kwenye nyonga yako, tanua miguu, kunja magoti, mteremshe ukimtelezesha kwenye paja lako mpaka aketi chini, mkono wako mwingine ukilinda kichwa. Akishakuwa chini, hakuna haraka. Mwache apumue. Muulize wapi panauma. Nyonga ya upande uliopooza huvunjika kwa urahisi kwa sababu mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, usimwinue, tafuta gari. Pikipiki haifai kwa safari hiyo. Kama hana maumivu, mlaze ubavu wa kulia, ajisukume kwa mkono wa kulia mpaka aketi, leta kiti kigumu mbele yake, apige magoti akikishika, aweke unyayo wa kulia chini, asukume kwa mguu huo nawe ukiinua kwa leso, na mtu wa pili asogeze kiti kingine nyuma yake.

Kwa lile anguko la wiki mbili zilizopita, nataka ujue jambo moja. Kama aligonga kichwa, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu la mzee na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Akianza kusinzia mchana, kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa kisichoisha, au mguu uliokuwa unaendelea vizuri ukarudi nyuma, apelekwe akapigwe picha ya kichwa. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, msilikande, apelekwe siku hiyo hiyo. Na uso ukipinda upya, mkono mwingine ukilegea ghafla au maneno yakikwama, angalieni saa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa, kwa hiyo msingoje kukuche.

Hukuuliza kama atatembea peke yake tena, lakini najua ndilo swali lililo nyuma ya yote. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye maendeleo ya haraka, nayo imepita, lakini haina maana kwamba mlango umefungwa. Nimewaona watu wakiendelea kupata hatua mwaka mzima na zaidi, hasa wale walioanza vibaya na kusahihishwa, kama baba. Kwa baba, jinsi ulivyonieleza, ninatarajia kwanza atasimama mwenyewe kutoka kitini, kisha atatembea ndani ya nyumba mtu akiwa karibu. Njia ya chooni na ngazi zake itakuja mwisho.

Mkija kliniki, na naomba mje na hiyo picha ya bega, mleteni baba akiwa amevaa viatu atakavyotembea navyo, na fimbo aliyo nayo hata kama ni ile ndefu. Kaka naye aje. Nitamfungia baba leso, kisha nitamwomba kaka auweke mkono wake pale niuone.